Alama ya Sauti na Sauti Yenyewe

Dominika ya 22 ya Mwaka B



Injili ya Dominika ya leo, kama ilivyoandikwa na Mwinjili Marko katika sura ya saba, inatupeleka mahali ambapo Mafarisayo na baadhi ya waandishi waliotoka Yerusalemu wamekusanyika mbele ya Bwana wetu. Wameona jambo lililowaudhi: baadhi ya wanafunzi wake wanakula bila kunawa mikono kama mapokeo ya wazee yalivyoagiza. Wanamwuliza sababu. Naye Bwana, badala ya kubishana nao juu ya maji na mikono, anawakumbusha jinsi nabii Isaya alivyolisema taifa lililomkaribia Mungu kwa midomo huku likimwacha mbali kwa moyo. Kisha anawaita watu wote, anawafundisha kwamba unajisi wa mtu hauingii kutoka nje. Chimbuko lake ni ndani, moyoni mwake mwenyewe.

Tumezoea kuisikiliza Injili hii kana kwamba inawahusu watu wengine, watu wa zamani wenye mavazi marefu na unafiki mwingi. Leo tunaomba tuisikilize kwa namna nyingine. Tutawasimulia jambo lililotupata sisi wenyewe parokiani, jambo la aibu, ambalo lilitokana na kitu kidogo sana: alama ya sauti kwenye kioo cha kompyuta.

Mwanzoni mwa mwaka 2017 muumini mmoja mwenye moyo mwema aliipatia ofisi ya parokia yetu kompyuta ya mezani aliyokuwa akiitumia kazini kwake. Vijana wa kwaya waliifurahia kuliko sisi. Wakaweka ndani yake nyimbo zote walizokuwa wamerekodi, pamoja na programu ya kupigia muziki, kisha wakavuta waya kutoka kompyuta hadi amplifaya, na kutoka amplifaya hadi spika mbili za honi zilizofungwa juu ya mnara wa kengele. Tangu Kwaresima ya mwaka huo, kila siku saa 11:00 alfajiri, nyimbo za kwaya zilianza kuwaamsha waamini kwa ajili ya Misa ya asubuhi.

Halmashauri ya Parokia haikulichukulia jambo hili kijuujuu. Iliketi, ikakumbuka kwamba kuna wagonjwa, wazee na watoto wachanga, tena kuna majirani wasio wa imani yetu, ikaamua kwamba sauti isizidi robo. Wale wanaoijua kompyuta wanafahamu kwamba programu ya muziki huonyesha kwenye kioo mstari mdogo wenye kidude cha kusogeza kushoto na kulia. Kushoto kabisa ni kimya, kulia kabisa ni sauti yote. Sakristani aliagizwa kuhakikisha kila alfajiri kwamba kidude kile kiko kwenye robo ya mstari. Yeye ni mtu mwaminifu. Alihakikisha kila siku bila kukosa.

Nyuma ya ukuta wa kanisa, upande wa mashariki, alikuwa akikaa bibi mmoja mjane. Kanisa letu lilipokuwa likijengwa, yeye alikuwa miongoni mwa akina mama waliobeba mawe na ndoo za maji vichwani. Sasa alikuwa mzee, mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu, naye alikuwa akimlea mjukuu wake wa kiume aliyefiwa na wazazi wote wawili. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, iliyoezekwa kwa bati, na mojawapo ya zile spika mbili ilikuwa imeelekezwa sawasawa juu ya paa lake.

Wiki chache baada ya Pasaka bibi huyo alimtuma mjukuu wake ofisini. Mtoto alisimama mlangoni, akatuamkia, akasema: "Bibi anaomba mpunguze sauti ya alfajiri. Hapati usingizi." Tuliinuka, tukaenda kutazama kompyuta. Kidude kilikuwa kwenye robo. Tukamwambia mtoto: "Mwambie bibi tumeangalia, sauti iko chini." Mtoto akaenda zake.

Mwezi uliofuata alikuja tena na maneno yale yale. Tukatazama tena, tukaona robo ile ile, tukampa jibu lile lile. Mara ya tatu tuliona afadhali tumtume katekista akamweleze bibi kwa utaratibu. Katekista aliporudi alitusimulia mazungumzo yao, nasi tunayakumbuka hadi leo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu uketi."

"Bibi, Baba Paroko anakusalimu. Anasema sauti imepimwa, ni robo tu. Halmashauri nzima imeona."

"Mwalimu, mnaipimia wapi?"

"Kwenye kompyuta, Bibi. Inajionyesha yenyewe."

"Mimi sina kompyuta, baba. Nina masikio. Njooni alfajiri moja mkae hapa nilipo."

Hatukwenda. Katika kikao cha Halmashauri tulisema kwamba uzee una mambo yake. Mmoja wetu alifika hata kusema kwamba labda bibi amepoa katika imani, maana ni kweli hakuwa akionekana tena katika Misa ya asubuhi. Tukaendelea na ajenda nyingine, tukafunga kikao kwa sala.

Mwezi wa Agosti kijana mmoja wa kwaya, anayesomea mambo ya kompyuta chuoni, alirudi likizo. Alikuja ofisini mchana kuongeza nyimbo mpya, akazijaribu kwenye spika za mnarani. Alishika kipanya, akakivuta kidude cha sauti hadi kushoto kabisa. Kwenye kioo ikaonekana sifuri, na picha ndogo ya spika ikapigwa mstari wa kuifuta, maana yake kimya. Lakini wimbo uliokuwa ukisikika kutoka mnarani uliendelea. Akakivuta kidude hadi kulia kabisa. Tarakimu ikasoma 100. Wimbo haukupanda wala haukushuka. Akageuka, akatuuliza: "Baba, hii mashine iko hivi tangu lini?" Hatukuwa na jibu.

Alitueleza chanzo, nasi tunawaeleza ninyi kadiri tulivyoelewa. Katika redio za zamani, ambazo baadhi yenu mnazitumia kutusikiliza asubuhi hii, kuna kitufe cha duara cha kuzungusha. Ukikizungusha, vidole vyako vinakisogeza kifaa chenyewe kilicho ndani, kile kinachozuia au kuachia umeme unaobeba sauti. Kitufe na kifaa hicho vimeunganishwa kwa chuma kimoja. Katika kompyuta sivyo. Kidude unachokiona kwenye kioo ni picha tu ya kitufe. Programu ina kazi mbili: kutoa sauti, na kuchora picha inayoonyesha sauti hiyo ni kiasi gani. Kazi hizo ni mbalimbali, na ili picha iseme kweli, lazima kazi moja iipashe habari nyingine kila mara kitu kinapobadilika. Habari hiyo ikikatika kwa kosa dogo katika programu, picha hubaki ikichora kile inachokijua yenyewe, na sauti hufuata njia yake.

Tena sauti haipiti katika mlango mmoja. Programu ya muziki ina kipimo chake, kompyuta yenyewe ina kipimo chake kikuu, na amplifaya ina chake. Kinachofika kwenye spika ni matokeo ya vyote vitatu. Kwetu sisi, kipimo cha programu kilikuwa kimeachana na sauti. Kipimo kikuu cha kompyuta, ambacho hatukujua hata kama kipo, kilikuwa kwenye 100. Nayo amplifaya ilikuwa imefunguliwa sana siku ile ya kwanza ya majaribio, wala hakuna aliyeirudisha. Robo yetu haikuwa robo ya kitu chochote.

Kijana yule alitufundisha na jambo jingine. Mwenyezi Mungu ameliumba sikio la mwanadamu kwa namna ya ajabu. Ili sauti isikike kuwa imekua maradufu, haitoshi nguvu yake iongezwe mara mbili. Huhitajika karibu mara kumi. Ndiyo sababu wataalamu hupima sauti kwa desibeli, kipimo kilichopewa jina kwa heshima ya Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu. Kila zinapoongezeka desibeli 10, nguvu ya sauti imezidishwa mara kumi. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu kelele katika makazi ya watu, lilishauri kwamba kelele za mfululizo ndani ya chumba cha kulala zisizidi desibeli 30, ili anayelala apate usingizi mzuri. Kwa hesabu hiyo, hata watu wawili wanaozungumza tu kando ya kitanda wanatoa sauti yenye nguvu mara elfu kupita kiasi hicho. Je, tuseme nini juu ya honi ya mnarani iliyofunguliwa yote?

Wapendwa wasikilizaji, usiku ule hatukulala vizuri, ingawa kulikuwa kimya. Tulijiuliza: katika jambo hili, ni nani aliyesema uongo? Sakristani alisema alichokiona. Halmashauri iliamua kwa nia njema. Katekista alifikisha ujumbe kama alivyotumwa. Mashine haina moyo wa hila. Hakuna hata mmoja aliyedanganya, na hata hivyo mjane mgonjwa na mtoto yatima walikuwa wamenyimwa usingizi kwa miezi mitano, tena kwa jina la Mungu.

Hapo ndipo tulipoielewa Injili ya leo kuliko tulivyoielewa katika miaka mingi ya kuihubiri. Tulikuwa tukiwafikiria Mafarisayo kuwa watu waongo waliojua kwamba ni waongo. Huenda wengi wao walikuwa waaminifu kama sakristani wetu. Walitazama alama, wakaiona iko mahali pake: mikono imenawiwa, vikombe vimesuguliwa, vyombo vya shaba vimeoshwa. Wakaridhika. Kristo hakuwalaumu kwa sababu ya kunawa. Kunawa kabla ya chakula ni jambo jema, na ishara ya usafi mbele ya Mungu ni ishara njema. Alichowaonyesha ni kwamba ile habari kati ya ishara na moyo ilikuwa imekatika, nao hawakujua, kwa maana walikuwa wakitazama ishara peke yake.

Katika aya ambazo hazikusomwa leo, Bwana anatoa mfano ulio wazi. Mtu anatangaza kwamba mali yake ni sadaka kwa Mungu, na kwa tangazo hilo anajiona hana wajibu tena wa kuwasaidia baba yake na mama yake. Kwenye kioo chake ibada inasoma 100. Nyumbani, wazee wake wanalala na njaa. Ukimwuliza yeye, atakuonyesha alama. Ukitaka ukweli, itakupasa uende ukawaulize wazee.

Mtu anaweza kuuliza: mbona ninyi wenyewe hamkusikia? Swali ni la haki. Nyumba ya mapadre iko nyuma ya kanisa, upande wa magharibi, na kuta za kanisa ni nene. Honi zilikuwa zimeelekezwa nje, mbali nasi. Saa 11:00 alfajiri tulisikia wimbo kwa mbali, wa upole, tukafurahi. Ndiyo kusema, sisi tuliokuwa na madaraka juu ya sauti ile ndio tuliokuwa tukiisikia kidogo kuliko wote. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Sisi tulikuwa tumekitengeneza kitanda, tukamlaza mwingine, kisha tukamwambia hakina kunguni kwa sababu kwenye daftari letu hawakuandikwa.

Kesho yake, kabla ya kubadilisha chochote, tulikwenda kwa bibi. Tulikuwa watatu: sisi, katekista na mwenyekiti wa Halmashauri. Tulifika saa 10:30 alfajiri, giza likiwa bado nene. Tulibisha hodi kwa aibu. Alikuwa macho. Alitutolea viti vya uani, akajifunika khanga, akaketi nasi bila kusema mengi. Saa 11:00 ilipotimia, wimbo ulianza. Ulikuwa wimbo mzuri wa kumsifu Mungu, wenye maneno tunayoyapenda sana. Bati la paa lilitetemeka. Mwenyekiti alijaribu kuniambia neno, wala sikusikia, ingawa bega lake lilikuwa limegusa bega langu. Mtoto alitoka ndani na shuka lake, akaketi kizingitini, akaziba masikio kwa viganja kama mtu aliyezoea, akajaribu kuendelea kusinzia akiwa ameketi.

Wimbo wa kwanza ulipokwisha, bibi alitueleza habari moja ambayo hakuwa ametutumia. Alisema kwamba muhula ule mjukuu wake alikuwa amechapwa shuleni mara tatu kwa kosa la kusinzia darasani. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama anayetaja bei ya unga. Lakini sisi tuliona kwamba zile fimbo zilikuwa zetu, na mtoto alikuwa amezipokea kwa niaba yetu.

Tuliomba msamaha, kwanza kwa bibi, kisha kwa mtoto. Bibi alijibu: "Nimewasamehe, Baba. Lakini mngekuja siku ile ya kwanza." Neno hilo hatuwezi kulifuta, wala hatupendi kulisahau.

Somo la pili la leo limetoka katika Waraka wa Mtume Yakobo. Huyu Mtume hapendi mzunguko wa maneno. Anawaonya wale wanaoridhika na kulisikia Neno tu pasipo kulitenda, kwa kuwa hao hujipotosha wenyewe. Halafu anaeleza dini iliyo safi mbele ya Mungu Baba ni ipi, na jambo la kwanza analolitaja ni kuwaendea yatima na wajane katika taabu yao. Mara nyingi tumelihubiri fungu hili wakati wa kukusanya michango ya maskini, nalo ni sawa kabisa. Lakini angalieni kwamba Mtume anazungumzia kuwaendea. Sisi tungeweza kumpelekea bibi yule kilo tano za unga kila mwezi, na kuandika katika taarifa ya mwaka kwamba wajane wametunzwa, huku honi ikiendelea kumpigia juu ya paa. Kumwendea kulikuwa na faida mbili: yeye alipata nafuu, nasi tukaisikia sauti yetu wenyewe kwa mara ya kwanza.

Hapa studioni, wapendwa, nyuma ya kioo ameketi fundi mitambo. Mbele yake kuna kipimo kinachoonyesha nguvu ya sauti yetu. Vipimo vya mshale vya namna hiyo vilianza kutumika katika vituo vya redio vya Marekani mwaka 1939, na vimewasaidia mafundi wa dunia nzima. Fundi huyu anakitazama kipimo chake kwa bidii. Hata hivyo, amevaa pia spika za masikioni, na muda wote anasikiliza kile kile mnachokisikia ninyi. Hakidharau kipimo, wala hakiamini peke yake. Basi nasi katika maisha ya kiroho tufuate desturi ya fundi huyu.

Vipimo tunavyo, na ni vyema. Tuna Amri za Mungu na Amri za Kanisa za kutuongoza tunapochunguza dhamiri. Tuna daftari la ndoa na la ubatizo, kadi za jumuiya, bahasha za zaka, rozari mifukoni. Asije mtu akasema tumevidharau vitu hivi. Lakini kila mmoja wetu ana watu wanaokaa chini ya honi yake. Baba wa familia anayeamini kwamba huzungumza kwa upole, na awatazame watoto wake wanafanya nini wanapomsikia akikohoa mlangoni. Mama anayesali rozari kila jioni, na ajiulize binti anayemsaidia kazi za nyumbani angesema nini kama angeulizwa na mtu asiyemwogopa. Mwalimu, muuguzi, karani, mwenyekiti wa mtaa, kila mmoja ana kidude chake anachokiona kiko kwenye robo.

Ninyi makatekista, ambao ni mikono na miguu ya mapadre, mnaandika katika madaftari yenu kwamba mtoto fulani anajua Sala ya Bwana, Nasadiki na Amri Kumi. Ni kazi kubwa, na Kanisa linawashukuru. Endeleeni kuandika. Lakini mara moja moja fikeni nyumbani kwa mtoto huyo, mkaketi uani, mkaone kama sala ile imefika mahali anapogawana chakula na mdogo wake. Nasi mapadre tunajisema wa kwanza kabisa, maana tumezoea kuhesabu waliokuja Misa, wala hatuendi kwa aliyeacha kuja tukamwuliza ni nini kilichomzuia. Bibi yetu hakuwa amepoa katika imani. Alikuwa anaupata usingizi kidogo baada ya nyimbo kunyamaza, saa ile ile tuliyokuwa tukiadhimisha Misa.

Kuna pia kosa la upande wa pili, na hatuwezi kumaliza bila kuwatia moyo wanaolipata. Yawezekana miongoni mwenu yupo mtu ambaye alama yake inasoma sifuri. Anasali, haoni chochote. Anamtunza mgonjwa nyumbani mwaka wa tatu sasa, anaona kwamba hana la kumtolea Mungu, kwamba sauti yake haifiki popote. Mkumbuke yule mjane maskini wa hekaluni, ambaye sarafu zake mbili ndogo zisingesogeza kipimo chochote cha wahesabu sadaka. Bwana aliketi akimwangalia, akamsifu kuliko matajiri wote. Picha iliyo machoni petu inaweza kukosea kwa kuzidisha, nayo inaweza kukosea kwa kupunguza. Anayeisikia sauti yenyewe ni Mungu.

Tuwaeleze basi tulichofanya, ili hadithi yetu isiishie kwenye majuto. Zile honi tuliziteremsha, tukazigeuza zielekee ndani ya uwanja wa kanisa. Sauti sasa tunaipunguza kwenye amplifaya yenyewe, kwa kitufe cha kuzungusha kwa mkono. Nyimbo hazianzi tena alfajiri ya giza, kengele inatosha. Programu ile ya muziki iliondolewa na kuwekwa nyingine, lakini nayo hatukuiamini kwa macho. Kila mwezi mjumbe mmoja wa Halmashauri huenda kusimama nje ya ukuta, kwenye uwanja wa jirani, akasikiliza, akaleta taarifa. Mwenyekiti alikwenda shuleni akaeleza kwa nini mtoto yule alikuwa akisinzia. Na katika kila kikao, kabla ya kufunga, tunaulizana: ni nani aliyetulalamikia mwezi huu, na je, tulikwenda kwake au tulitazama kioo?

Kwa juma hili tunawaachia mambo matatu mepesi kuyasema. La kwanza: mtafute mtu mmoja aliye chini yako, kwa umri, kwa kazi au kwa uwezo, umwulize jinsi anavyokusikia katika maisha yake, kisha unyamaze mpaka amalize. Usijitetee. La pili: mdogo akikuletea malalamiko, hata ukiwa na hakika kwamba hana haki, nenda kwanza mahali anaposimama, ndipo ujibu. La tatu: unapojiandaa kwa sakramenti ya Kitubio, usiridhike na yale tu unayoyaona katika orodha yako. Mwombe Roho Mtakatifu akuonyeshe hata yale ambayo majirani zako wameyasikia na wewe hukuyasikia.

Tuombe. Ee Mungu Baba, wewe unayeisikia mioyo yetu kabla hatujafumbua midomo, utusamehe kwa kila mara tulipoitazama alama tukamwacha ndugu yetu akiteseka. Utupe miguu ya kuwaendea wadogo wetu, na masikio ya kuwasikiliza mara ya kwanza wanapotuita. Uwape usingizi mtulivu wajane, wagonjwa na yatima wote. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Tunawatakieni Dominika njema. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Tumsifu Yesu Kristo!